Mume Alilewa, na Aliyemuuzia Je?



Mwezi huu nimepokea barua ya mama mmoja ambaye nitaficha jina lake na kijiji chake. Swali lake linawahusu wengi, nami nimeona vyema nilijibu hapa hadharani, kwa sababu najua katika nyumba nyingi za Wakristo swali hilo huulizwa usiku, mama akiwa peke yake, akisikiliza kama mlango utagongwa.

Anaandika hivi: "Mwalimu, mume wangu si mtu mbaya. Tulifunga ndoa kanisani miaka kumi na minne iliyopita. Lakini siku ya mshahara huingia katika baa iliyo karibu na stendi saa kumi na moja jioni, na hatoki mpaka wanapofunga. Ikifika saa tatu huwa amelewa, hata kuhesabu noti zake hawezi, nao wanaendelea kumletea chupa. Pesa zikimwishia wanamwandikia katika kitabu cha madeni. Mwisho wa mwezi wao ndio wa kwanza kulipwa, kabla ya karo na kabla ya unga. Mwezi wa nne alitoka huko akaanguka katika mtaro, akavunjika mguu, akakaa wiki sita bila kazi. Mwenye baa ni mwenzetu katika Jumuiya Ndogo Ndogo. Nilimwendea nikamlilia. Akaniambia, 'Mama, mimi sikumshika mtu mdomo nikamnywesha.' Je, Mwalimu, huyu hana lawama yoyote mbele ya Mungu na mbele ya sheria? Au kosa ni la mume wangu peke yake?"

Mama mpendwa, kabla sijakujibu, inanibidi niseme jambo langu mwenyewe, ili usidhani nahubiri nikiwa nimesimama mahali pakavu.

Mwaka 2001 nilikuwa nimemaliza Kidato cha Nne na nyumbani hapakuwa na pesa za kunipeleka mbele. Nikaajiriwa kuhudumu katika baa moja kando ya barabara kuu. Mwajiri wetu alikuwa na sheria moja tu: mwenye kuweza kulipa anaweza kunywa. Jumamosi moja akaja fundi wa mawe aliyekuwa amelipwa kazi ya mwezi mzima. Ilipofika usiku niliona mkono wake ukiitafuta chupa juu ya meza na kuikosa. Akaniambia, "Kijana, ongeza mbili." Nilijua amelewa. Nilimfungulia zote mbili, akaniachia chenji, nami nikashukuru. Tulipofunga alitoka akielekea barabarani. Lori likamgonga hatua chache tu kutoka mlango wetu. Asubuhi niliosha gilasi yake pamoja na nyingine.

Niliacha kazi ile. Baadaye nilikwenda kwenye Kitubio. Padre hakuniuliza maswali mengi. Aliniuliza moja tu: "Ulijua kwamba amelewa?" Nikasema, "Nilijua, Padre." Akanyamaza kidogo, kisha akanipa malipizi, na mojawapo lilikuwa kwenda kwa mjane wa yule fundi kumwambia ukweli. Ilinichukua karibu mwaka mzima kupata nguvu za kwenda. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Nilijua aliyemgonga. Nilijua pia kwamba mume wangu alikuwa mlevi. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kulikuwa na mtu wa tatu."

Basi, ndugu zangu, somo letu la leo ni kuhusu huyo mtu wa tatu.

MUNGU ANASEMAJE

Kanisa halisemi kwamba pombe yenyewe ni dhambi. Bwana wetu aligeuza maji kuwa divai pale Kana, tena katika arusi, na divai ndiyo tunayoileta altareni. Yoshua bin Sira, katika sura ya 31, anaisifu divai inywewayo kwa kiasi, na papo hapo anaonya juu ya uchungu wa inywewayo kupita kiasi. Kwa hiyo simwambii mwenye baa kwamba kazi yake ni ya shetani. Namwambia kwamba kazi yake ina mpaka, na mpaka huo uliwekwa zamani sana.

Fungueni kitabu cha Kutoka, sura ya 21. Pale tunasoma habari za ng'ombe mwenye tabia ya kupiga watu pembe. Ng'ombe akimpiga mtu mara ya kwanza, mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe huyo anajulikana kwa ukali wake, na mwenyewe ameonywa, naye asimfunge, hapo mwenye ng'ombe anahukumiwa pamoja na ng'ombe wake. Sura hiyo hiyo inasema juu ya mtu aliyechimba shimo akaliacha wazi: mnyama wa jirani akitumbukia, mwenye shimo atalipa. Tena Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamwamuru anayejenga nyumba aweke ukingo kuzunguka dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo.

Tazameni vizuri. Mwenye nyumba hakumsukuma mtu. Mwenye shimo hakumtupa ng'ombe wa jirani shimoni. Wote wawili wangeweza kusema kama yule mwenye baa, "Sikumshika mtu." Lakini Mungu hakuwauliza kama walishika. Aliwauliza kama walijua hatari, na kama walifanya kitu kuizuia.

Nabii Habakuki naye, katika sura ya pili aya ya 15, anatangaza ole juu ya anayemnywesha jirani yake mpaka alewe, apate kumwona katika aibu yake. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1868, inatufundisha kwamba tunaweza kushiriki dhambi ya mwenzetu: kwa kuishiriki moja kwa moja, kwa kuiamuru au kuisifu, kwa kutoizuia tulipopaswa kuizuia, na kwa kumkinga atendaye mabaya. Namba 2290 inasema kwamba mtu anayehatarisha maisha yake na ya wengine barabarani kwa ulevi ana hatia nzito. Unganisheni mafundisho haya mawili, mtaona mahali anaposimama mhudumu anayefungua chupa ya tisa kwa mtu mwenye ufunguo wa gari mfukoni.

SHERIA YA NCHI YETU

Wengi wanadhani jambo hili ni la mimbarani tu. Sivyo. Bunge la Kenya lilitunga sheria ya kudhibiti vileo mwaka 2010, ile ambayo wananchi waliizoea kwa jina la "sheria ya Mututho", kwa jina la mbunge aliyeipeleka Bungeni. Watu wanaikumbuka kwa sababu ya saa: baa kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi, saa nane mchana Jumamosi, Jumapili na sikukuu, na kufungwa saa tano usiku. Wanaikumbuka pia kwa sababu ya watoto, maana imekataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na imekataza leseni kutolewa kwa baa iliyo chini ya mita 300 kutoka shuleni.

Lakini ndani yake mna jambo ambalo halisemwi sana. Mwenye leseni akimuuzia kileo mtu ambaye tayari amelewa, au akimchochea aendelee kunywa, amevunja sheria. Sheria inampa pia uwezo wa kumkatalia mlevi asiingie, tena inamtaka amtoe aliye mlevi, mgomvi au mwenye fujo. Kwa hiyo, mama, yule ndugu aliyekuambia hakumshika mtu mdomo hajui leseni iliyo ukutani kwake inamdai nini. Kumuuzia mumeo saa tatu usiku, wakati hata noti hawezi kuhesabu, si biashara ya kawaida. Ni kosa.

Tena tangu mwaka 2013 kazi ya kutoa leseni za vileo iko mikononi mwa serikali za kaunti, kama Katiba ya mwaka 2010 ilivyoagiza. Leseni hiyo huombwa upya. Wakazi wana haki ya kupeleka pingamizi lao kwa maandishi, wakieleza kwa nini baa fulani isipewe. Chama cha Wanawake Wakatoliki, kamati ya shule, au jumuiya yenye watu kumi na wawili waliotia sahihi, wote wanaweza kufanya hivyo. Mara ngapi tumekesha tukiomba Mungu aifunge baa, na barua moja hatukuandika!

JE, BAA INAWEZA KULIPA FIDIA?

Hili ni swali la pili. Kosa la jinai ni jambo moja, na kulipa fidia kwa aliyeumia ni jambo jingine.

Hapa Kenya msingi wa madai ya namna hii ni uzembe, yaani kushindwa kuwa mwangalifu kwa mtu ambaye ungeweza kuona kwamba ataumia. Sheria hii tuliirithi kwa Waingereza, na asili yake itawafurahisha wasomaji wa Injili. Mwaka 1932 mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kesi ya mwanamke wa Scotland aliyekunywa soda ya tangawizi katika mkahawa, na inasemekana katika chupa hiyo mlikuwa na konokono aliyeoza. Jaji Lord Atkin, katika kuamua kama mtengenezaji wa soda ana wajibu kwa mama huyo asiyemjua, aliliendea lile swali ambalo mwanasheria alimwuliza Yesu katika Luka 10: jirani yangu ni nani? Akasema kwamba mbele ya sheria jirani yako ni yule ambaye kitendo chako kinaweza kumgusa kwa karibu, kiasi kwamba ilikupasa umfikirie kabla hujatenda. Hadi leo mawakili wetu husoma kesi hiyo. Kwa hiyo mfano wa Msamaria Mwema umo ndani ya sheria ya nchi yetu.

Mahakama za dunia zimeutumiaje ujirani huo kwa wenye baa? Nitawapa kesi mbili.

Ya kwanza ni ya Kanada. Usiku mmoja wa Januari mwaka 1968, katika jimbo la Ontario, mteja wa kila mara alikunywa katika hoteli moja mpaka akalewa kabisa. Mwenye hoteli alimjua vizuri na aliijua tabia yake, hata wafanyakazi walikuwa wameagizwa wasimuuzie isipokuwa yuko na mtu wa kumwangalia. Wakamuuzia. Alipoanza kusumbua wateja wengine wakamtoa nje usiku, naye makao yake yalikuwa mbali, kama kilomita nne. Alikuwa akitembea barabarani gari lilipomgonga. Hakufa, lakini aliumia vibaya. Mahakama ikagawa lawama mafungu matatu yaliyo sawa: fungu la mlevi mwenyewe, fungu la dereva, na fungu la hoteli. Mwaka 1973 Mahakama Kuu Kabisa ya Kanada ilikubaliana na hukumu hiyo. Niliposoma habari hii mara ya kwanza nilimkumbuka yule mjane wangu. Majaji wa mbali walikuwa wamemhesabu mtu wa tatu.

Kesi ya pili ni ya Tasmania, kisiwa cha Australia. Januari mwaka 2002 mwanamume mmoja alikuwa akinywa katika baa ya mji mdogo. Pikipiki yake ikawekwa ndani na kufungiwa, kwa mapatano kwamba mke wake ataitwa aje amchukue. Baadaye mteja akabadili nia. Mwenye baa alitaka kumpigia mke simu, mteja akakataa kwa hasira. Akamwuliza mara tatu kama yuko sawa, naye akasema yuko sawa. Akampa pikipiki yake. Hakufika nyumbani. Mjane akaenda mahakamani. Mahakama ya kwanza ilikataa madai yake, ya rufaa ikayakubali, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ya Australia ikayakataa tena, ikisema kwamba kwa kawaida mtu mzima hujibebea mwenyewe mzigo wa kunywa kwake, na mwenye baa hakuwa na haki ya kumnyima mtu mali yake.

Huko Marekani majimbo mengi yana sheria maalumu. Illinois, kwa mfano, tangu mwaka 1872 ilimpa mke na watoto haki ya kumdai muuza pombe pale ulevi ulipowanyima riziki waliyokuwa wakitegemea. Walitambua kwamba chupa inayouzwa kwa baba hukatwa katika sahani ya mtoto.

Mnaona, wapendwa, mahakama za wanadamu hazisemi neno moja. Kwa hiyo, mama, sitakudanganya kwamba ukienda mahakamani utalipwa. Itabidi kuonyesha kwamba walijua amelewa, kwamba hatari ilionekana, na kwamba kuumia kwake kulitokana na hilo. Hakimu pia atampimia mumeo fungu lake mwenyewe. Na dai la kuumia ni la mumeo mwenyewe. Lingekuwa lako kama angefariki, maana sheria yetu ya ajali za vifo, Sura ya 32, inawaruhusu mke, mume, wazazi na watoto kudai kutokana na kifo kilichosababishwa na kosa la mtu mwingine. Madai haya yana muda wake, miaka mitatu, kwa hiyo anayetaka kuuliza asichelewe. Asiye na pesa za wakili aulize msaada wa kisheria wa serikali, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, au Kituo cha Sheria, au FIDA kwa akina mama.

Lakini kumbukeni kesi ya Tasmania. Yule mwenye baa alishinda mahakamani, na hata hivyo alikuwa amefungia pikipiki, ameuliza mara tatu, ametaka kumwita mke. Je, wewe unayeandika madeni kitabuni umefanya hata nusu ya hayo?

KWA MUME

Sasa nageuka kwako, ndugu yangu mume. Usiifurahie barua hii ukasema, "Kumbe kosa ni la mwenye baa." Katika yale mafungu matatu, la kwanza ni lako. Siku ya Ndoa Takatifu uliahidi mbele ya Padre na mashahidi kuwa mwaminifu katika taabu na katika raha. Mshahara ni sehemu ya ahadi hiyo. Hakuna mhudumu aliyekutoa kazini kwa kamba.

Kama unajua kwamba ukiingia hutoki, hilo si suala la kuongeza bidii tu. Ni ugonjwa unaotaka msaada, na kuomba msaada si aibu. Mtumishi wa Mungu Matt Talbot wa Dublin, aliyezaliwa mwaka 1856, alikuwa kibarua aliyeinywa mishahara yake tangu utotoni. Mwaka 1884 aliweka ahadi ya kuacha, akaishika mpaka kufa kwake mwaka 1925, na mwaka 1975 Kanisa likamtangaza kuwa Mheshimiwa. Akitembea mjini hakuchukua pesa mfukoni, asije akashindwa akiona mlango wa baa. Nawe fanya vivyo hivyo: mshahara upitie kwa mkeo au benki, na njia ya kurudi nyumbani isipite stendi. NACADA ina namba ya simu ya bure, 1192. Piga.

KWA MKE

Mama, uliniuliza kama kosa ni la mumeo peke yake. Hapana. Wala si lako. Nasema hivi kwa sababu najua umeshaambiwa kwamba angekuwa na amani nyumbani asingekunywa. Usiubebe mzigo huo.

Fanya mambo haya kwa utaratibu. Kwanza, zungumza na mumeo asubuhi akiwa hajanywa, bila watoto, na bila kuhesabu makosa ya miaka yote. Mwonyeshe kitabu cha karo na kitabu cha deni la baa, viwili hivyo kando kwa kando. Pili, rudi kwa mwenye baa, lakini usiende peke yako. Nenda na mwenyekiti wa Jumuiya na mzee mmoja, kama Bwana wetu alivyoagiza katika Mathayo 18: kwanza wewe na yeye, kisha mashahidi wawili au watatu. Ya kwanza umeshaifanya. Mwambieni mbele ya mashahidi kwamba mumeo akilewa asiuziwe, na asiandikiwe deni. Kuanzia siku hiyo ni kama yule mwenye ng'ombe: ameonywa. Tatu, asiposikia, andikeni kwa chifu na kwa ofisi ya leseni ya kaunti, mkitaja siku na saa.

Na kama ulevi umekuja na kipigo, usivumilie kwa jina la ndoa. Sheria ya Kanisa, Kanuni ya 1153, inamruhusu mwenye ndoa kutengana na mwenziwe anayemhatarisha yeye au watoto, mwilini au rohoni. Sheria ya nchi ya mwaka 2015 ya kuzuia ukatili nyumbani inampa haki ya kuomba amri ya ulinzi mahakamani. Kujiokoa wewe na watoto si kuivunja ndoa.

KWA MWENYE BAA NA WANAOHUDUMU

Ndugu, nakujua. Nimekaa nyuma ya kaunta yako. Najua kwamba mteja akinyimwa hutukana na kuvuka kwenda baa ya jirani, na mhudumu anayerudisha mauzo madogo hufukuzwa. Ndiyo maana namwambia mwajiri kwanza: usimwachie mhudumu wako wa mshahara mdogo uamuzi huu, kisha ukamlaumu kwa kupoteza mteja. Toa amri wewe. Mtu akilewa, apewe maji na chakula. Aitiwe mkewe, ndugu yake au mwendeshaji wa boda boda unayemwamini. Ufunguo wa gari muombe akukabidhi mapema, akili zake zikiwa bado zimetulia. Kitabu cha madeni kichome.

Katika Luka 10 tunamsifu Msamaria, tunamsahau mtu mwingine. Msamaria alipoondoka kesho yake, alimwacha yule majeruhi mikononi mwa mwenye nyumba ya wageni, akampa dinari mbili na agizo la kumtunza. Huyo alikuwa mfanyabiashara kama wewe. Alilipwa, na haikuwa dhambi kulipwa. Lakini aliyekuwa chini ya paa lake aliaminiwa kwake mpaka apone. Wewe nawe umepokea pesa za mgeni. Je, umempokea na mgeni mwenyewe?

Wala usifikiri sadaka yako kubwa siku ya harambee inafuta jambo hili. Parokia itashukuru kwa mabati, lakini mabati hayamrudishi baba wa mtu kutoka mtaroni.

KWA SISI SOTE

Na sisi tunaonunua? Mwenzetu ameshalewa, nasi tunasema, "Mletee nyingine, hii ni yangu." Tunaita huo ukarimu. Katika arusi zetu za kanisani tunapima sifa ya familia kwa idadi ya kreti, kisha tunawaacha wageni waendeshe magari usiku. Kamati ya arusi inayopanga keki na hema, ipange pia nani atawarudisha watu nyumbani.

Mama uliyeniandikia, jibu langu ni hili. Mumeo ana fungu lake, na lazima alibebe. Mwenye baa ana lake, mbele ya sheria na zaidi sana mbele ya Mungu. Nasi wa Jumuiya tunaokaa naye kila wiki tukisoma Neno bila kumwambia kitu, tuna letu. Yule mjane wa fundi wa mawe bado yuko katika parokia yetu. Kila Jumapili ananipa mkono wakati wa amani, na kila mara namkumbuka mumewe na zile chupa mbili. Amenisamehe. Lakini ningependa zaidi nisingekuwa na la kusamehewa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI NA KATIKA JUMUIYA

1. Katika nyumba yetu, ni nani anayelipwa kwanza mwisho wa mwezi?
2. Tumewahi kumnunulia kinywaji mtu ambaye tayari amelewa? Kwa nini?
3. Tunamjua mwenye baa wa mtaa wetu kwa jina? Tumewahi kumwendea kwa upole?
4. Tumewahi kuandika pingamizi wakati leseni za baa zinapoombwa?

SALA

Ee Mungu Baba, uliyemwuliza Kaini habari za ndugu yake, utuulize na sisi kabla hatujachelewa. Wasaidie waume waliofungwa na kileo wapate nguvu ya kuomba msaada. Wafariji wake wanaosubiri mlangoni. Wape wauzaji moyo wa kumwona jirani ndani ya mteja. Na wote waliokufa barabarani wakitoka vilabuni, uwapokee katika rehema yako. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.